Sahani ya Diwani

Jina la Batuli lilitoka kwenye ndoo. Ndivyo walivyopatikana wajumbe wote wa tume: ndoo ya plastiki mbele ya mkutano wa hadhara, vikaratasi vimekunjwa ndani, na mtu aliyefungwa kitambaa machoni akichomoa kimoja kimoja. Kwa miaka mingi, walieleza walioianzisha, madiwani walikaa ukumbini wakijipangia posho wenyewe, na wananchi walikaa nje wakinung'unika. Sasa halmashauri kadhaa za Mbeya na Iringa zilikubali kujaribu njia nyingine. Posho ya madiwani ingepangwa na raia wa kawaida, watu wasio na cheo na wasiogombea chochote, na mikutano yao ingekuwa ya wazi.

Batuli alikuwa mpishi wa shughuli. Nyumbani kwake Mlandege, Iringa, masufuria yalikuwa makubwa kiasi cha kuogeshea mtoto, na watu walimwita kwenye harusi, hitma, maulidi, hata vipaimara vya Walutheri. Habari ya ndoo ilimkuta dukani kwa Sakerbanu, anakonunua bizari.

"Batuli!" Sakerbanu alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Kwa hiyo sasa utawapikia madiwani?"

"Sitawapikia," Batuli alisema. "Nitawapakulia."

Alisema kwa utani, lakini njiani kurudi nyumbani neno lile lilimkaa. Katika shughuli za watu wao, mwenye shughuli hashiki upawa. Hata awe mpishi hodari namna gani, siku hiyo anamtafuta mtu mwingine wa kupakua, na yule hupakua mpaka mgeni wa mwisho apate, ndipo naye ale. Wasipofanya hivyo, watoto wa shangazi watapata mapaja ya kuku na majirani watapata viazi. Batuli alikuwa mpakuaji tangu akiwa msichana. Akaona kwamba tume hii, pamoja na maneno yake mengi ya kisheria, haikuwa jambo geni kwake. Alimshukuru Mungu kwa hilo, maana alikuwa ameogopa.

Hofu nyingine ilibaki. Kaka yake alikuwa diwani.

Siku ya kwanza tume ilipokutana, mwenyekiti Mzee Sosthenes, mwalimu mkuu mstaafu wa Kilolo, aliomba dua ya Kikristo ifanywe, kisha ya Kiislamu, kisha akasema: "Mwenye ndugu anayegusa jambo hili aseme sasa. Sheria inamzuia mwenye mume, mke, mzazi au mtoto diwani. Wengine wanaruhusiwa, ila waseme."

Batuli alisimama. "Kaka yangu Muhidini ni diwani kule Mbalizi. Baba yetu alifariki nikiwa mdogo. Yeye ndiye aliyenilea."

Iqbal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbeya mjini, mtu wa ulimi mwepesi, akainamia meza na kusema, "Basi mheshimiwa ameshapata sahani yake kabla hatujanawa mikono."

Watu wakacheka. Mzee Sosthenes alisubiri kicheko kiishe.

"Atakaa," alisema. "Lakini, mama, tutakutazama."

"Nitazameni," alijibu Batuli. Akaketi.

Wakaanza kuzunguka kusikiliza watu. Ilula walikaa kwenye ukumbi wa kata, karibu na barabara kuu, na wauza nyanya waliingia na kutoka, kwa sababu kila basi liliposimama nusu ya mkutano ilitoka mbio na ndoo zake. Clement, mjumbe wa tume na mwenyeji wa pale, aliwachekesha wenzake kwa kutaja jina la basi kwa mlio wake tu kabla halijafika.

Bibi mmoja alipewa kipaza sauti. "Kamweneee," alisalimia, na ukumbi mzima ukajibu. "Mimi nasema diwani alipwe sana. Alipwe kabisa."

"Kwa nini, bibi?" Iqbal aliuliza.

"We baba, mimi nimezeeka. Nikifa jeneza nani atanunua? Diwani wa zamani alikuwa anatoa jeneza. Huyu wa sasa anakuja msibani, kamwene, kamwene, anakaa kwenye benchi, anakula, anaondoka. Mtu gani huyo!"

Kijana aliyekaa nyuma yake alidakia bila kungoja kipaza sauti. "Apunguziwe! Wanakula tu hao. Mimi mwanangu aliungua na uji, nikaenda kwa diwani kuomba nauli ya hospitali, ananiambia hana. Hana! Na posho anapokea!"

Katibu wa tume aliandika: mmoja anataka iongezwe, mmoja anataka ipunguzwe. Wakaenda kijiji kingine, wakauliza vilevile, wakaandika vilevile. Kila mahali waliuliza diwani alipwe kiasi gani, na hapana hata mahali pamoja walipouliza analipwa kwa kazi ipi. Watu nao walijibu kwa kutazama shida zao. Mwenye mgonjwa alitaja kiasi kinachotosha mgonjwa. Aliyenyimwa alitaja sifuri. Batuli alihisi kuna kitu kinapita katikati ya vidole vyao kama maji, lakini hakujua akitaje vipi, na mtu ambaye kaka yake ni diwani huwa hana haraka ya kufungua mdomo.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, alikwenda Mbalizi kwenye hitma ya baba yao. Hufanyika kila mwaka. Babu yao aliletwa na biashara kutoka pwani, akaoa huku, akazikwa huku, na baba yao akaacha duka dogo la vitambaa sokoni. Muhidini alilirithi duka, na pamoja na duka akairithi hitma.

Batuli alifika asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mabati. Barazani kwa kaka yake watu walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamejifunika mablanketi na makoti, wanangoja. Alidhani ni wasomaji waliowahi.

"Siyo wa hitma hao," wifi yake Mwamvita alimwambia jikoni. "Hao ni wa kila siku. Yule wa koti la kijani mkewe amelazwa. Yule mama ana mtoto amerudishwa shule, hana sare. Yule mwingine sijui. Ataniambia mwenyewe akimkosa mheshimiwa."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili. Jumapili wengine wanakwenda kanisani kwanza, wanakuja mchana."

Walipika pamoja. Mchele ulikuwa wa Kyela, na ulipoanza kunukia hata watu wa barazani waligeuza shingo. Baada ya kisomo na dua Batuli alishika upawa. Hapo Mbalizi walizoea kutumia sahani badala ya masinia, kwa sababu majirani wengi, Wasafwa na Wanyakyusa, hawakuzoea kula sinia moja. Aliwapakulia mashehe, akawapakulia wazee, majirani na watoto. Ilipofika ya kaka yake, mkono wake ulifanya ulivyozoea kila mwaka: ulijaza. Nyama juu, mchele juu ya nyama, nyama tena.

Mwamvita alimtazama. "Sahani kubwa hivyo ya nini, wifi?"

"Ya mwenye nyumba."

"Hataila."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Simama hapa mlangoni utazame."

Batuli alisimama mlangoni. Muhidini aliipokea sahani kwa mikono miwili, akasema bismillahi. Kabla hajaugusa mchele, mzee aliyekaa kulia kwake alimsogelea kunong'ona jambo, na mkono wa mzee ukachukua mnofu. Muhidini akamsogezea sahani. Wa kushoto akasema, "Mheshimiwa, hata sisi tumo." Akamsogezea na yeye. Mwanamke mmoja akaja na bakuli ya mgonjwa nyumbani, na Muhidini akammiminia. Alifanya yote hayo akitabasamu, tabasamu lile la picha za kampeni, na mwisho alibaki na mfupa na punje za mchele pembeni. Akalamba kidole. Akasimama kwenda kumsikiliza wa koti la kijani.

"Umeona?" Mwamvita alisema. "Sasa jaza mara mbili ya hiyo. Ataondoka na nini?"

Batuli aliondoka mlangoni. Alirudi kwenye sufuria na kukwangua ukoko, akauweka kwenye kisahani na kuufunika kwa kawa ampelekee kaka yake, kama walivyokuwa wakigombania utotoni. Alipofika nao barazani, aliambiwa mheshimiwa ametoka na yule mwenye mgonjwa.

Jioni Mwamvita alimpeleka dukani. Duka lile Batuli alilikumbuka limejaa majora mpaka darini, na harufu ya vitambaa vipya iliyokuwa ikimpigisha chafya. Sasa rafu zilikuwa zinaonyesha mbao. Palibaki majora machache ya rangi asizozipenda mtu, na nyuzi. Kwenye kona palikuwa na kikaango na beseni.

"Vitumbua," alisema Mwamvita, akifuata macho yake. "Nakaanga alfajiri, nauza hapa mlangoni. Ndivyo tunavyokula. Hela ya posho hulala nyumbani siku moja, wifi yangu. Ikiisha anachukua ya duka. Na mtu akitukana kwamba diwani anakula hela za umma, mimi ndiye ninayesikia, maana ninakaanga vitumbua mbele yao."

Muhidini alirudi magharibi. Baada ya swala walikaa sebuleni, wawili tu, jiko la mkaa katikati yao.

"Tume inaendaje?" aliuliza.

"Inakwenda, kaka."

"Sikuombi unipendelee. Sijawahi kukufundisha hivyo." Alinyosha viganja juu ya moto. "Lakini ukweli unaujua. Tunaumia. Mkitupandishia kidogo nitapumua."

"Mwaka juzi mlijipandishia wenyewe. Ulipumua?"

Muhidini alichochea moto. Mkaa ulipasuka.

"Kaka, nina jambo nataka kulisema mbele ya tume," Batuli alisema. "Kuhusu baraza yako. Kuhusu sahani. Kuhusu duka la baba. Nimezunguka kote huko na hakuna mtu anayelitaja, kwa sababu anayepokea hawezi na anayetoa anaona aibu. Naomba ruhusa yako."

"Uliseme wapi? Mbele ya redio?"

"Mikutano ni ya wazi."

"Univue nguo mbele ya Mbalizi nzima!" Alisimama. "Mimi nimekulea, Batuli. Nilikuwa nakubeba mgongoni kwenda dukani, wateja wananicheka kwamba nimezaa. Leo unataka kwenda kuwaambia watu kwamba mke wangu anakaanga vitumbua kwa sababu mimi nimeshindwa?"

"Sitasema umeshindwa."

"Wao ndivyo watakavyosikia." Sauti yake ilishuka. "Hii mikono ndiyo waliyoichagua, mdogo wangu. Hawakuchagua maneno yangu kule kikaoni. Hayo hawajawahi hata kuja kuyasikiliza. Ukiniondolea mikono, sina kitu."

Akatoka. Ruhusa hakuitoa.

Asubuhi, kwenye kituo cha basi, Mwamvita alimpa Batuli vitumbua kwenye karatasi, bado vya moto.

"Nilisikia jana," alisema. "Ukuta wa nyumba hii ni mwembamba. Yeye amekukataza, na ni haki yake. Mimi sikukatazi. Nyumba ile naishi ndani yake na mimi. Duka lile limekwisha mikononi mwangu na mimi. Kama unahitaji ruhusa, chukua ya kwangu."

"Atakukasirikia."

"Ameshazoea kunikasirikia. Chakula changu anakula."

Nyumbani Mlandege Batuli hakujua afanye nini. Kunyamaza kulikuwa kumsaliti mtu mmoja aliyekaanga vitumbua, na watu wengi waliokuwa wakisubiri haki. Kusema kulikuwa kumuaibisha aliyembeba mgongoni. Asubuhi moja, jua likishapanda, alitawadha, akasali rakaa mbili za istikhara, sala ya kumwomba Mungu aongoze uamuzi, akaomba dua yake kwa utulivu, na mwisho akaongeza kwa maneno yake mwenyewe: Ewe Mola, unamjua Muhidini kuliko ninavyomjua. Kama ninataka kusema ili nionekane, nifunge mdomo. Kama kunyamaza kwangu ni woga tu, niondolee woga.

Hakuota ndoto wala kuona ishara. Alikwenda sokoni, akanunua vitunguu, akapika harusi ya watu. Lakini kwa siku kadhaa aliona jambo moja. Kila alipojiona amekaa kimya kikaoni, kifua kilimbana. Kila alipojiona anasema, aliogopa, ila kifua kilikuwa wazi. Hakuwa na jingine la kushika. Akalishika hilo.

Kikao cha mwisho kilifanyika Mbeya mjini. Ukumbi ulijaa, na watu wa redio waliweka vinasa sauti vyao mezani. Iqbal alizungumza wa kwanza. Alitaka posho ibaki palepale. "Hakuna aliyewaburuta," alisema. "Walipiga magoti kuomba kura. Mimi nikifungua duka hasara ni yangu. Simwendei mteja kumwambia aniongezee bei kwa sababu nimeoa."

Clement alitaka ipandishwe sana. "Kwetu Ilula diwani ndiye gari la wagonjwa, ndiye jeneza, ndiye ada. Mnataka afanye hayo na nini?"

Ndipo Batuli alipoinua mkono. Alisimama, akashika kingo za meza.

"Nina kaka diwani. Mnajua," alisema. "Yeye amenikataza kusema nitakayosema. Mke wake ameniruhusu. Mnipime kwa hayo yote mawili."

Akaeleza. Alisimulia habari za watu wa benchi asubuhi na ukungu, sahani iliyojaa na mfupa uliobaki, na duka la baba yao lenye rafu tupu. Hakumtaja mtu wa koti la kijani kwa namna yoyote ya kumdharau, kwa sababu mkewe alikuwa mgonjwa kweli. "Kwa hiyo Bwana Clement, ukiijaza sahani ile mara mbili, watakaokaa kando yake wataongezeka mara mbili. Na wewe Bwana Iqbal, ukiiacha ilivyo, atagombea mwenye duka kama lako peke yake, kwa sababu ndiye atakayeweza kugawa."

"Mimi sigombei kitu!" Iqbal alipayuka. Ukumbi ukacheka, naye akacheka.

"Sisi tuliuliza watu alipwe kiasi gani. Tungewauliza tunamlipa kwa kazi ipi. Mimi naona alipwe vizuri kwa kazi ya udiwani, kiasi cha kutosha nyumba yake bila kula duka. Na shida za misiba na wagonjwa ziwe na mfuko wa kata, utoke kwenye fedha hizihizi tunazozigombania, na upawa wa mfuko huo ushikwe na watu wasioomba kura. Diwani asitoe bahasha."

"Ngoja, ngoja, dada yangu." Iqbal sasa hakuwa anacheka. "Wewe ni Mwislamu kama mimi. Unamkatazaje mtu kutoa sadaka? Hiyo ni dini gani?"

Swali lile ndilo aliloliogopa zaidi, kwa sababu alikuwa amejiuliza mwenyewe kwenye mswala wake. "Ya siri simkatazi," alisema polepole. "Hiyo ni yake na Mola wake, siijui wala sitaki kuijua. Nasema ile inayotangazwa kwenye kipaza sauti msibani: mheshimiwa diwani, kiasi fulani, makofi. Ile tunampima nayo. Tunauacha msiba wetu uwe mkutano wa kampeni."

"Na watu watakubali?"

"Sijui," alisema Batuli, na huo ulikuwa ukweli. Akaketi.

Walibishana mpaka adhana ya alasiri ikasikika. Mwisho walipiga kura kwa kunyosha mikono. Clement alikataa. Alisema akirudi Ilula na maneno haya watampiga nyanya mbovu, na huenda alikuwa sahihi. Iqbal alikaa muda mrefu akitazama dari, kisha akanyosha mkono kukubali, nusu, kama mtu anayeita mhudumu hotelini. Pendekezo lilipita, na halmashauri zikakubali kulijaribu.

Simu ya Muhidini iliingia Batuli akiwa bado kwenye ngazi za ukumbi.

"Umemaliza?"

"Kaka..."

"Nimeuliza umemaliza."

"Nimemaliza."

Akakata.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Mwezi wa Ramadhani ulikuja ukapita. Siku ya Idi Batuli alipiga, Mwamvita akapokea na kusema mheshimiwa ametoka, na nyuma ya sauti yake mtu alikohoa kikohozi ambacho Batuli angekitambua popote duniani. Hakulalamika. Katika kila sijda alimtaja kaka yake kwa jina, na wakati mwingine machozi yalilowesha mswala. Alijiuliza mara nyingi kama alikuwa amekosea kuielewa istikhara yake. Hakupata jibu, akaendelea kumtaja.

Habari alizipata kwa wifi yake. Msiba wa kwanza baada ya utaratibu mpya ulikuwa wa mama yake Kasian, jirani wa nyumba ya tatu. Muhidini alizunguka chumbani asubuhi nzima, akavaa koti, akalivua. "Nitakwenda na nini?" alimuuliza mkewe. Mwisho alichukua jembe.

"Wakasoma majina," Mwamvita alisimulia kwenye simu. "Fulani katoa hiki, fulani kile. Wakafika pa diwani, yule mwenye kipaza sauti akasimama, akatazama huku na huku, akaliruka jina. Wifi, nilitamani ardhi inimeze. Mtu akasema nyuma yangu, diwani kafilisika. Nikageuka nimtukane, nikakuta ni mteja wangu wa vitumbua."

"Na kaka?"

"Hakuwepo pale. Alikuwa makaburini anachimba na vijana. Alirudi na udongo mpaka kwenye nyusi. Akalala kama mtoto."

Benchi la barazani lilipungua watu. Wengine walikwenda kwenye mfuko wa kata, wakasaidiwa au wakaambiwa wasubiri. Wengine walimtukana Muhidini waziwazi, kwamba ameacha dada yake amfunge mikono. Wachache walianza kuja na mambo mapya: kalavati la njia ya sokoni lililobomoka, mwalimu asiyefika darasani. "Siku hizi anaondoka na daftari badala ya pochi," Mwamvita alisema. "Analalamika kwamba kazi imekuwa nyingi."

Mwezi wa sita ulirudi na baridi yake. Batuli alikuwa anaosha masufuria uani simu ilipolia, akaona jina, akakausha mikono kwenye kanga.

"Hitma ya baba ni Jumamosi," sauti ilisema, bila salamu.

"Najua, kaka."

"Mpakuaji wangu nani?"

"Sijui, kaka."

"Hujui nini? Panda basi."

Jumamosi alishika upawa. Aliwapakulia mashehe, wazee, majirani, watoto. Sahani ya kaka yake aliipakua kama za wengine wote, mnofu mmoja, kiazi kimoja, mchele kiasi. Mkono ulitaka kuongeza, akauzuia. Mwamvita aliipeleka, na wote wawili wakasimama mlangoni.

Mzee mmoja Mnyakyusa aliichungulia sahani ile na kucheka. "Eh, mheshimiwa! Siku hizi na wewe unapimiwa?"

"Napimiwa, baba," Muhidini alisema. "Muulize huyo mpakuaji. Mimi sina sauti hapa."

"Basi kula, ndaga, pole. Kitapoa." Na yule mzee akasogeza magoti yake kidogo, ampe nafasi.

Wengine pale hawakucheka. Mtu wa kona alinong'ona jambo kuhusu uchaguzi ujao, na yawezekana alinong'ona kweli, kwa sababu kura za mwakani ni siri ya Mungu. Muhidini alisema bismillahi. Alikula mnofu, akala kiazi, akakusanya mchele mpaka punje ya mwisho. Batuli hakukumbuka mara ya mwisho kumwona kaka yake akimaliza chakula.

Wageni walipoondoka alikuja jikoni, akasimama mlangoni kama alivyokuwa akisimama zamani wakati mama yao akipika.

"Umebakiza ukoko?"

Batuli alifunua kawa. Muhidini alikaa kwenye kigoda, akauvunja vipande viwili, akavipima kwa macho. Kile kidogo akampa dada yake. Kikubwa akakitia mdomoni mwake.

"Kaka!" Batuli alisema.

"Nini?" alijibu, akitafuna. "Si wewe mwenyewe uliyetaka nile?"